Usiachie Mafuta Katikati ya Mto

Propela ya kwanza niliichonga kwa wiki mbili, ikavunjika kwa sekunde tatu. Ya pili ilikuwa nzito upande mmoja, ikaitikisa injini mpaka boliti zikadondoka moja moja kwenye theluji na nikazitafuta kwa sumaku hadi giza likaingia. Ya tatu niliichonga kwa ubao wa mti wa betula uliokaa miaka minne juu ya jiko la Babu Prokopy, ukakauka hadi ukawa unalia ukiugonga kwa kucha. Niliipiga msasa, nikaisawazisha juu ya sindano ya kushonea mpaka ikatulia bila kuegemea upande wowote. Siku hiyo nililala nikiwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu yeyote.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kijijini Shuvoma mwaka uliotangulia, nina digrii ya uhandisi kutoka mjini Arkhangelsk na matumaini makubwa kuliko begi langu. Nilifundisha fizikia shuleni. Kila nilipotoka darasani nilikwenda kwenye banda la Babu Prokopy, ambaye si babu yangu wa damu, ila kwetu mtu wa umri wake huitwa hivyo na kila aliye mdogo. Alikuwa na miaka sabini na minne. Kwa miaka ishirini na mitano aliendesha sleji ya upepo ya posta: kibanda cha bati juu ya skii tatu, injini ya ndege mgongoni, na propela nyuma iliyosukuma hewa na kukipeleka chombo mbele juu ya theluji kwa kasi ambayo farasi hawakuiweza. Sleji hizo zilishatolewa kazini kabla sijazaliwa. Yake ilikuwa imebaki kibanda kitupu nyuma ya banda, kuku wanalala humo.

Mimi nilikuwa natengeneza mtoto wake. Urefu mita moja na robo, uzito kilo tisa, injini ya mashine ya kukatia majani, tangi la mafuta la chupa ya shampuu, skii za bomba la plastiki nililolipasua na kulikunja kwa moto. Propela niliizungushia ringi ya baiskeli na waya ili isimkate mtu vidole. Iliongozwa kwa rimoti. Babu Prokopy hakutaka kuigusa hiyo rimoti. Alisema ni kitu cha watoto, na kwamba dereva asiyekaa ndani ya chombo hawezi kujua chombo kinasema nini.

Tuligombana kuhusu kila kitu, lakini ugomvi mkubwa ulikuwa wa vishikio vya skii. Nilivichora vikaze barabara, bila hata nusu milimita ya kucheza, na nilijivunia michoro yangu. Yeye alichukua spana akavilegeza vyote.

"Babu, huu ni mchezo wa milimita sita," nilimwambia. "Itayumba kama mlevi."

"Mlevi anaanguka halafu anainuka, binti. Ninyi mainjinia mkianguka ndiyo basi."

Nilikaza. Kesho yake nikakuta vimelegezwa. Nikakaza tena, akalegeza tena. Mara ya nne niliviacha kama alivyotaka, si kwa sababu nilimwamini, bali kwa sababu niliona jinsi mikono yake ilivyotetemeka akishika spana, na sikutaka aendelee kujichosha.

Kijijini walitucheka. Arseny, nahodha wa kivuko, aliiita sleji yetu kuku, kwa kuwa ilipiga kelele, ilirusha manyoya ya theluji, na haikuruka. Kila asubuhi akinikuta njiani kwenda shule aliniuliza kama kuku wangu ametaga. Nilicheka naye, lakini moyoni nilikuwa na jambo ambalo sikumwambia mtu. Kila mwaka mwanzoni mwa majira ya baridi, mto Mezen unapoganda, kuna wiki mbili au tatu ambazo kivuko kimeshapandishwa nchi kavu na barafu bado haiwezi kumbeba mtu. Ng'ambo yetu kuna Zaborye, kijiji cha nyumba saba zenye watu na moshi. Kwa wiki hizo Zaborye huwa kama kiko mwezini. Na katika nyumba ya tatu ya Zaborye anaishi bibi yangu, mama yake mama, Glafira Semyonovna.

Bibi Glafira alikuwa mpeleka barua. Miaka yote ambayo Prokopy aliendesha, yeye alikaa nyuma yake na mikoba ya posta, na waliposimama alishuka, akagawa barua, akapiga skii mateke zisigande, akapanda tena. Kwa hiyo wangepaswa kuwa marafiki wakubwa. Badala yake kulikuwa na jambo kati yao tangu majira ya baridi ya mwaka sabini na moja, sleji ya posta iliponasa katikati ya mto, wakakaa hapo mpaka kesho yake, na vifurushi vya mwaka mpya vikaloa vyote. Prokopy alisema Glafira alipiga ukelele, ukamshtua. Glafira alisema hakupiga ukelele wowote. Walisalimiana, walihudhuria misiba ileile, lakini kila walipokutana jambo hilo lilikaa nao mezani.

Jumanne moja ya mwezi wa kumi na moja, siku ya nne tangu mto ugande, Dada Rimma wa zahanati alinifuata shuleni katikati ya kipindi. Bibi alikuwa amempigia simu. Bibi ana presha ya macho. Jicho la kushoto lilishapotea zamani, kabla hatujajua ni ugonjwa gani, na la kulia linaishi kwa matone, asubuhi na jioni, bila kukosa. Alikuwa amejiwekea chupa mbili za kutosha mpaka barafu ikomae. Karatasi ya dawa iliandikwa weka mahali pa baridi. Sasa kwetu mahali pa baridi ni ukumbi wa nje, kati ya mlango wa kwanza na wa pili, ambapo samaki, nyama na matunda ya porini hukaa wameganda hadi masika. Bibi aliziweka hapo, juu ya ndoo ya matunda. Usiku wa kuamkia Jumatatu baridi ilishuka hadi nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Asubuhi alikuta chupa zote mbili zimepasuka.

Alikuwa amekosa matone mara tatu kabla ya kupiga simu, kwa sababu aliona aibu. Jicho lilishaanza kuuma, na taa zilikuwa na pete za rangi kuzizunguka. Rimma alinieleza polepole, kama mtu anayepima maneno. Helikopta ya wagonjwa ilikuwa tayari kuja, ila wingu lilikuwa limelala juu ya misitu tangu Jumapili na lisingeinuka hadi mwisho wa wiki. Mwisho wa wiki, alisema, huenda jicho lisiwepo tena. Miaka ile videge vya rimoti vilikuwa havijafika kwetu. Mkononi alikuwa na chupa moja ya matone, ndogo kama kidole gumba.

Niliwaacha wanafunzi na zoezi ubaoni, nikakimbia bandani.

Babu Prokopy alikuwa ameshasikia; Shuvoma habari hazisubiri kuletwa. Sleji tayari ilikuwa nje, juu ya matawi mawili ya msonobari, ikipoa. Sleji iliyotoka kwenye joto ukiiweka moja kwa moja kwenye theluji, inayeyusha chini yake halafu inaganda hapohapo, na matawi huizuia. Alikuwa ameshapaka skii mafuta ya bata bukini. Aliniuliza tu kama tangi limejaa.

Tulifika ukingoni saa tano asubuhi. Arseny alitangulia mbele na mtaimbo wake, akigonga barafu. Kando ya ukingo mtaimbo uligonga mara tano ndipo ukapenya. Hatua hamsini mbele ulipenya kwa pigo moja, na maji meusi yakachungulia. Alirudi taratibu, akasema asingemruhusu hata mbwa wake kwenda zaidi ya hapo. Hakutaja kuku.

Rimma aliiviringisha chupa ya dawa kwa soksi ya sufu, akaitia ndani ya chupa ya chai yenye mdomo mpana aliyoipasha kwa maji ya moto na kuyamwaga. Tuliifunga kwenye sleji kwa kamba, mbele ya injini, na juu yake nikafunga kitambaa chekundu nikione kwa mbali. Mto hapo ni mita mia saba. Ng'ambo niliona alama ndogo nyeusi juu ya weupe. Alikuwa Bibi, amekuja mwenyewe na buti zake za sufu, simu sikioni. Rimma aliweka simu yake kwenye spika ili sote tumsikie.

"Taya, mjukuu wangu," alisema, "umevaa kofia?"

Nilikuwa nimevaa. Niliwasha injini. Babu Prokopy alishika darubini, akasimama karibu nami hadi mkono wa koti lake ukagusa wangu, akanipa maagizo mawili. Nielekee upande wa juu wa mto kwanza, kulikwepa doa jeusi ambalo haligandi. Na nikikuta maji ya kujificha, yale yanayopanda juu ya barafu na kulala chini ya theluji, nisiachie mafuta, yaani nisipunguze mwendo, hata kidogo. Chombo kinachokimbia hupita juu yake. Kinachosita hunasa.

Nilisema nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kweli, kwa akili.

Sleji iliondoka kwa mlio ambao mpaka leo nausikia kwenye vidole vyangu. Theluji iliruka nyuma yake kama unga. Ilipita alama ya mtaimbo wa Arseny, ikapita mahali ambapo maji yalichungulia, na barafu haikulalamika. Mita mia. Mia mbili. Nikaigeuza kidogo kushoto, ikatii. Rimma alikuwa akipumua kwa nguvu. Nilijisikia kama ninavyojisikia nikimwona mtoto mgumu darasani akinyoosha mkono kwa mara ya kwanza.

Ilipofika zaidi ya mita mia tano, Babu Prokopy alisema kwa sauti ya chini kwamba theluji mbele ni ya kijivu. Maji.

Nilisikia. Na kabla sijafikiri, kidole changu kiliachia mafuta. Hakuna aliyekiamuru. Kiliogopa chenyewe, kama mguu unavyoogopa ngazi gizani.

Sleji ilipunguza mwendo, ikazama mpaka skii zikafunikwa, ikasimama.

Niliongeza mafuta hadi mwisho. Injini ilipiga kelele, unga wa theluji ukaruka, kitambaa chekundu kikapepea, na chombo hakikusogea hata unene wa karatasi. Kwa baridi ile maji yale yangekuwa jiwe kwa dakika chache. Niliwaza jinsi matone yanavyopoa ndani ya soksi. Nilitaka kusema samahani lakini sikujua nimwambie nani kwanza.

"Naiona," sauti ya Bibi ilisema kwenye simu. "Iko karibu tu. Hatua mia mbili. Nakuja kuichukua."

Rimma alimwambia asithubutu. Mimi nilimwomba, nikamwita, nikamwambia barafu huko haijapimwa na mtu. Bibi alijibu kwa utulivu kwamba yeye ni mwepesi, na kwamba alibeba barua kwenye mto huu kabla mama yangu hajazaliwa. Babu Prokopy alikuwa bado ana darubini machoni. Alisema buti moja iko juu ya barafu. Kisha akasema mbili.

Alishusha darubini, akachukua simu mkononi mwa Rimma.

"Glafira, simama hapo. Ni mimi."

"Nakusikia, dereva. Nina kazi."

"Sikiliza kwanza. Mwaka ule hukupiga ukelele." Aligeuza uso kuelekea ng'ambo. "Niliona maji, nikaogopa, nikatoa mguu kwenye mafuta. Ni mimi niliyenasisha sleji. Kama alivyofanya mtoto huyu sasa hivi. Nimekusingizia."

Tulisikia tu upepo wa ng'ambo.

"Miaka thelathini na minane, Prokopy," Bibi alisema mwishowe.

"Thelathini na minane."

"Na unaniambia leo. Kwa simu. Mbele ya watu."

"Ulitaka nikwambie lini? Ukishazama? Rudi nchi kavu, nakuomba. Tulitoka mwaka ule, na hiki nacho kitatoka. Nipe dakika tano."

Tulisubiri. Nilinyakua darubini. Ile alama nyeusi ilisimama muda mrefu, halafu ikarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, hadi chini ya miti ya ukingo.

"Haya, niko nchi kavu," alisema. "Mtoeni huyo kuku."

Sijui nani aliyekuwa amemwambia jina hilo. Arseny aliangalia buti zake.

Babu Prokopy alinirudishia simu ya Rimma kama vile mimi ndiye mwenyewe, akachukua darubini, na sauti yake ikabadilika. Ikawa sauti ya mtu aliye kazini. Alisema usukani wote kushoto, mafuta yote, hesabu mbili, achia. Usukani wote kulia, mafuta yote, hesabu mbili, achia. Hatuivuti mbele, alisema, tunaitikisa mkia. Upepo wa propela utaupiga usukani ulio nyuma yake, mkia utakwenda huku na huku, na skii zitajipinda kwenye vishikio vyake. Kila zikijipinda, barafu inavunjika kidogo.

Hapo ndipo nilipoelewa zile milimita sita. Kwenye michoro yangu iliyokaza, skii zingeshikana na mwili wa chombo kuwa kitu kimoja, na kitu kimoja kingeganda kama kitu kimoja. Kwenye kazi yake ya kulegeza, kila skii ilikuwa na nafasi ya kujinasua peke yake.

Kushoto, mafuta. Kulia, mafuta. Nilihesabu kwa sauti kama darasani. Mara kumi hakuna kitu. Mara kumi na tano Babu Prokopy alisema pua imeyumba. Nilianza kuharakisha, akaweka kiganja chake begani mwangu, akapiga polepole, moja, mbili, moja, mbili, nami nikamfuata. Pua ikacheza. Skii ya kushoto ikainuka na kipande cha barafu kikang'aa. Ya kulia iligoma. Mafuta yalikuwa yanapungua, hilo nililijua bila kuambiwa, kwa sababu tangi lile la shampuu nililipima mwenyewe.

"Kulia tena," alisema. "Mara mbili mfululizo."

Kulia. Kulia. Mkia ulijitupa, chombo kizima kikageuka robo mduara kama mtu aliyeitwa jina lake, na kikawa huru.

"Sasa mafuta yote, na usiachie hata mama yako akikuita."

Sikuachia. Kidole changu kilitaka, nikakikatalia. Sleji ilikimbia juu ya theluji ya kijivu, maji yakiruka pande zote mbili na kuganda angani kama vumbi la chumvi. Ikatoka kwenye kijivu, ikaingia kwenye weupe, na niliiona ikielekea kwenye alama nyeusi mpaka vikawa kitu kimoja. Ndipo nikazima injini, na Mezen yote ikanyamaza.

Tulimsikia Bibi akihema, akifungua kamba, akilaumu fundo langu. Chupa ya chai ikalia ikifunguliwa. Soksi bado ina joto, alisema. Kisha akatuambia tunyamaze, ingawa hakuna aliyekuwa akizungumza, akainua uso wake angani hapohapo ukingoni na kutia tone. Rimma alimwambia akae ndani saa nzima amefumba jicho. Akasema atakaa, ila Rimma ampigie tena saa saba.

Hiyo saa ilikuwa ndefu kuliko mwaka wangu wa mwisho wa chuo. Hakuna aliyekwenda nyumbani. Arseny alikwenda kuleta chai na mafuta zaidi ya injini, ingawa hatukumwomba. Saa saba kamili Rimma alipiga, naye Bibi akasema maumivu yamelegea, na pete za rangi kwenye taa zimekuwa nyembamba. Alikuwa ametoka tena nje. Rimma alimuuliza anaona nini.

"Naona kitambaa chekundu," alisema. "Kimechanika pembeni. Na ng'ambo huko naona watu wanne wamesimama kwenye baridi kama hawana majumbani mwao."

Rimma alinikumbatia hadi rimoti ikanibana kifuani. Nililia, na machozi yakagandia kwenye kope, na nikacheka kwa kuwa yaliuma.

Bibi aliuliza kama chombo kinaweza kurudi na mzigo. Alipokuwa amekaa ndani amefumba jicho, jirani yake alikuwa amemwokea shangi, zile chapati ndogo nene zenye viazi juu, na alitaka tuzile zingali na moto. Babu Prokopy alimkumbusha kwanza aiweke sleji juu ya matawi na akwangue skii kabla haijaondoka.

"Unanifundisha mimi?" Bibi alisema. "Ipo juu ya matawi tangu saa sita. Nimeshazipiga mateke pia, nilivyozoea. Mafuta yamo, jirani amenipa ya msumeno wake. Anayeendesha kurudi ni nani?"

Nilimtazama Babu Prokopy. Alikuwa akiitazama rimoti mikononi mwangu, na nilijua kwamba hataiomba hata tukisimama hapo mpaka masika. Kwa hiyo nilivua mkanda wa rimoti shingoni mwangu, nikamvalisha yeye.

Alivua glavu. Aliweka vidole gumba juu ya vile vijiti viwili vya rimoti. Aliniuliza mafuta ni kipi, usukani ni kipi, mara moja tu. Ng'ambo Bibi aliivuta kamba ya kuwashia, injini ikalia, na Babu Prokopy akainamisha kichwa kidogo upande, akisikiliza.

"Inasema nini?" nilimuuliza.

"Inasema iko tayari."

"Posta," Bibi alisema kwenye simu, kama alivyokuwa akisema zamani, mzigo ukishapakiwa.

"Posta," alijibu Prokopy, akatia mafuta.

Ilikuja moja kwa moja. Ilipofika kwenye theluji ya kijivu uso wa Babu Prokopy ulikaza, kidole gumba kikawa cheupe, na hakuachia. Maji yaliruka juu kuliko ya safari yangu. Sleji ilipita hapo kana kwamba hapakuwa na kitu, ikavuka mto wote, ikapanda ukingo na kusimama hatua mbili kutoka kwenye buti zake.

Arseny aliifungua chupa ya chai, mvuke ukatoka, na harufu ya siagi. Alitugawia shangi mojamoja, kubwa zaidi akampa Babu Prokopy.

"Haya, binti," aliniambia huku akitafuna. "Leo kuku wako ametaga."

Mwaka ule tulivuka mara kumi na moja kabla barafu haijamruhusu mtu kupita. Tulipeleka chumvi, betri, miwani, barua mbili za kweli zenye stempu. Chupa ya matone sasa inakaa kabatini jikoni kwa Bibi, karibu na sukari, mbali na kila baridi. Vishikio vya skii bado vina mchezo wa milimita sita. Ninapowafundisha wanafunzi wangu kuchora, huwa nawaachia nafasi hiyo kwenye karatasi, na wakiniuliza ni ya nini, nawapeleka bandani kwa Babu Prokopy wakamuulize mwenyewe.